Uzi maalumu: Wimbo gani unaukumbuka kwa shughuli yake kuliko jina lake? (Watu wa Kusini tukae mbele)

Fundi Flashi (mleta uzi)

Wakuu, habari za humu.

Kazi yangu ni kujaza nyimbo. Nina kibanda karibu na stendi hapa Masasi. Ndani kuna kompyuta moja ya mezani, spika mbili zinazotazama barabarani na daftari la madeni ambalo sipendi kulifungua. Nilianza enzi za kuchoma sidii, zikaja memori kadi za simu za vitufe, na sasa ni flashi za bodaboda na za zile redio ndogo za sola ambazo wakulima wanaenda nazo shamba. Watu wananiuliza, hiyo kazi bado ipo wakati kila mtu ana simu janja? Ipo. Bando lina bei yake, na kuna mashamba huku ukitaka mtandao lazima upande juu ya kichuguu.

Kilichonifanya nianzishe uzi ni mama mmoja mtu mzima aliyekuja juzi. Flashi kaishika mkononi, kaizungushia kitambaa kama dawa.

"Mwanangu, niwekee ule wimbo."

"Upi mama?"

"Ule uliokuwa unapigwa tulipokuwa tunamrudisha marehemu kutoka Ndanda."

Kwa msiojua, Ndanda kuna hospitali ya misheni, na huku kwetu mtu akisema "tumemrudisha kutoka Ndanda" humuulizi swali la pili. Nikamuuliza mwimbaji ni nani, hajui. Maneno yake, hakumbuki hata moja. Alichokumbuka ni kwamba gari lilikuwa Noah ya kukodi, dereva aliwasha redio kwa mazoea, akashtuka, akataka kuzima, wao wakamwambia acha. Na kwamba gita "lilikuwa linaongea peke yake". Nikampigia nyimbo tisa, kila moja anatikisa kichwa. Ya kumi nikaweka "Kifo" ya Remmy Ongala. Mtu hajaanza hata kuimba, gita tu, mama akakaa kwenye ile ndoo ya rangi niliyoigeuza kiti. Hakulia. Akasema, "Huo. Weka mara tatu, usije ukaisha haraka."

Nikaweka mara tatu. Sikumchaji.

Wakuu, miaka yote hii nimeona watu wachache sana wanaoomba wimbo kwa jina. Wanaomba kwa shughuli. Ndiyo maana mafolda yangu kwenye kompyuta hayana majina ya wasanii. Nina folda inaitwa SALFA, nyingine WARI, nyingine MSIBA MCHANGANYIKO (ndugu wa kanisani na wa msikitini wamekaa turubai moja, lazima ujue cha kuweka na cha kuacha), nyingine DEREVA USIKU, nyingine USAFI JUMAMOSI. Folda kubwa kuliko zote ni AMENIACHA. Hiyo wateja wake ni vijana wa kiume, na hakuna hata mmoja aliyewahi kukubali kwamba ni ya kwake. "Fundi, kuna jamaa yangu kaachwa, nimsaidie." Mwaka mzima naona majamaa yao tu wanaachwa.

WARI inafanya kazi Disemba. Shule zimefungwa, hela ya korosho imeingia, watoto wanatoka jandoni na unyagoni, kila mtaa una turubai na spika zimepangwa kama tofali. Mwari kabebwa begani, kavalishwa miwani myeusi, watu wanamtunza noti na kanga, na muziki ni singeli kuanzia asubuhi hadi mjumbe achoke. Singeli kwao ni uswahilini Dar, lakini nadhani huku ndiko ilikotolewa mahari. Wazee wanalalamika kwamba ngoma imekufa. Mimi nakaa kimya, maana mzee anayelalamika ndiye aliyetuma mjukuu wake na flashi.

Na kuna mwaka folda zote zilikaa pembeni. Julai 2020, alipofariki Mzee Mkapa na kuja kuzikwa kwao Lupaso, hapa Masasi. Wiki ile bodaboda wenyewe, watu wasiosikiliza kitu chini ya mdundo wa kupasua kifua, walikuja mmoja mmoja kuomba kwaya. Sikuwa na kwaya za kutosha. Nilikwenda kuazima flashi ya katekista.

Haya, zamu yenu. Sharti ni moja: usitupe jina la wimbo ukakimbia. Tuambie ulikuwa wapi, nani alikuwepo, mlikuwa mnafanya nini. Wa kwangu nitausema mwisho, nina sababu.

Ming'oko

Naweka kambi hapa. Nimekuja na mkeka na chai.

Mzee wa Pantoni

Nawasalimu wote. Wadogo marahaba, hata kama hamjanisalimia.

Fundi, umesema tuseme tulikuwa wapi. Mimi nilikuwa Nachingwea, darasa la sita, Januari 1979. Baba alikuwa na redio ya mbao, kaivalisha kitambaa cha kufuma. Sisi watoto hatukuruhusiwa kuigusa, kazi yetu ilikuwa kuanika betri juani zikichoka. Stesheni ilikuwa moja, Radio Tanzania Dar es Salaam, na miezi ile ilijaa vita vya Kagera asubuhi na jioni. Habari za vifo tulishazizoea. Lakini siku iliyotangazwa kwamba Mbaraka Mwinshehe amekufa kwa ajali ya gari Mombasa, baba alitoka nje akaenda kusimama chini ya mwembe, hakurudi ndani mpaka chakula kimepoa. Hakuwa ndugu yake. Morogoro kwenyewe, kwao Mbaraka, baba hakuwahi kufika. Tangu siku ile, "Shida" ikipigwa nyumbani kwetu watu wanashusha sauti zao. Mimi leo nina wajukuu, na ikinikuta dukani nasubiri iishe ndipo nitaje ninachotaka kununua.

La pili ni hilo jina langu la humu. Ninyi mliozaliwa na lami hamjui Rufiji ilivyokuwa. Kabla ya daraja kufunguliwa 2003, basi la kwenda Dar lilikuwa linafika Ndundu linasubiri pantoni, na masika pantoni lilikuwa na maamuzi yake. Mnalala. Mnaamka. Mnalala tena. Safari moja, mwaka siukumbuki vizuri, dereva wetu alikuwa na kaseti moja tu, ya Mlimani Park, na upande mmoja una "Neema". Kaseti inakwisha, utingo anaizungusha kwa kalamu kuokoa betri, inaanza tena. Siku ya pili redio ikaitafuna. Utepe ukatoka nje kama utumbo wa kuku. Basi zima lilisikitika, halafu kuna mtu nyuma akaanza kuimba, wote tukaingia. Tukiwa katikati, mama lishe mmoja wa kando ya mto, aliyeusikia wimbo ule kwenye kila basi lililowahi kukwama pale, akaacha sufuria yake akaja dirishani kutusahihisha ubeti wa pili. Tulikuwa tunaukosea wote. Alituimbisha upya mpaka tukaupata.

Daraja lilipofunguliwa nilifurahi kama kila mtu wa Kusini. Ila ule wimbo nao haujapata tena nafasi ya kupigwa mara arobaini.

Mwana wa Chikongola

Shikamoo mzee wangu. Umenikumbusha mbali kwa hadithi za marehemu baba. Lakini kwa heshima zote, Sikinde, yaani hao Mlimani Park wako, walikuta njia imeshafyekwa. NUTA Jazz imeanza 1964, ikaja kuitwa Juwata, ikaja OTTU, mpaka Msondo Ngoma. Mlimani Park ni 1978. Hapo mkubwa nani?

Mzee wa Pantoni

Marahaba mwanangu. Kuzaliwa kwanza siyo kuimba vizuri. Na mwimbaji Muhidin Gurumo mwenyewe alikaa bendi zote mbili, sasa wewe unamgombania nani?

Dada wa Mingoyo

Samahanini baba zangu, mkimaliza kugawana bendi naomba kuingilia. Hayo majina mliyoyashikia bango si ya kwenu. Msondo ni ngoma ya unyago. Sikinde ni ngoma ya Wazaramo. Mmechukua majina mkayawekea magita, halafu miaka yote hiyo mnagombana nani baba, wakati mama yake hamjamuuliza.

Na za unyago zenyewe sitaziandika humu, mnisamehe. Aliyechezwa anazijua. Asiyechezwa akizisoma hapa ataona ni maneno tu, na hayo maneno bila ngoma na bila wale bibi wanaokufinya ukikosea, hayana kazi.

Nyimbo zangu mimi ni hivi. Jumamosi nikishika dekio, mtoto huyu wa maulidi, binti wa mwalimu wa madrasa, naweka Rose Muhando. "Mteule Uwe Macho", sauti mpaka mwisho. Sijui kwa nini. Sakafu haing'ai kwa qaswida, nimejaribu. Jirani yangu wa Kipentekoste alidhani naelekea kuokoka, akaniletea kitabu. Nikampokea, nikampa na kisamvu, yakaisha. Sasa Jumamosi ikifika saa tatu nikiwa bado sijawasha, ananigongea ukuta kuuliza kama naumwa.

Harusini ni "Kimasomaso" ya marehemu Issa Matona, hapo sina mjadala. Hata kama bibi harusi anataka vitu vya kisasa, mama zake wakubwa hawatainuka kwenye mkeka mpaka uwekwe huo. Nimeona Lindi mjini shughuli imelala saa nzima, wapishi ndio wanaochangamka peke yao, mpiga muziki kijana kaja na vitu vyake hakuna anayemwelewa. Shangazi yangu akamfuata, akamwinamia sikioni. Wimbo ulipoanza tu, kanga zikafungwa viunoni. Yule kijana alibaki ameshika kidevu.

Na kuna dufu. Mama alipofariki tulisoma hitima, siku zikapita, nikawa salama kabisa. Nilirudi kazini, nikacheka na watu. Mfungo Sita nikaenda kijijini, wakasoma maulidi ya Barzanji, na walipofika pale watu wanaposimama, dufu zikapigwa, nikageuka kulia kwangu kumpa mama nafasi asimame. Mkono wangu ulishanyooka. Nikaurudisha polepole, nikajifanya naweka mtandio vizuri.

Basi, mimi nimemaliza.

Ming'oko

Dada pole. Chai imepoa.

Mwana wa Chikongola

Pole sana dada. Mimi kwa Rose Muhando nimecheka, huku chini nikanyamaza.

Salfa

Niko Tandahimba. Fundi sikufahamu ila folda yako ya kwanza ina jina langu kwa hiyo nadai ada.

Wasiojua: mikorosho inapulizwa salfa, na unapuliza alfajiri, umande ukiwa bado kwenye majani na upepo haujaamka. Mashine unaibeba mgongoni, inanguruma kama pikipiki iliyofungiwa chooni. Unarudi nyumbani wa njano mpaka kope. Simu naweka kwenye mfuko wa nailoni, spika za masikioni nimezifunga kwa kitambaa, na bado sisikii kitu. Mashine inashinda. Kwa hiyo ninachofanya ni kuangalia saa ngapi wimbo umeanza, halafu naimba mwenyewe kwa kukadiria. Nikizima mashine kuongeza unga, nasikia wimbo uko mbele yangu au nyuma yangu.

Mwaka 2016 wimbo ulikuwa "Matatizo" wa Harmonize. Yule ni wa kwetu, Mmakonde wa Mtwara, kwa hiyo nilijua kabisa kaniimba mimi. Salfa ya msimu ule niliichukua kwa mkopo kwa mtu, na mtoto alikuwa anaumwa. Nilikuwa naimba kwa nguvu zote katikati ya ile ngurumo kwa sababu ndiyo sehemu pekee ambayo mke wangu hawezi kunisikia. Siku moja petroli ikakatika ghafla, mashine ikazima, na mimi nikaendelea kuimba bila kujua. Kugeuka, baba mkwe kasimama na jembe begani. Akaniambia, "Endelea, mwanangu." Akapita.

Hatujawahi kuliongelea. Lakini jioni ile alituma debe la mtama.

Halafu 2018 mtu yule yule akatoka na "Kwangwaru" na Diamond, na wimbo ule mimi naujua kwa miguu tu, maana ulinikuta harusini kwa dada yangu na uraka, ile pombe ya mabibo, umeshanifika magotini.

Fundi Flashi

Salfa, ada utaikuta. Na sasa umenifahamisha kwa nini mteja mmoja wa Newala aliniambia nimjazie "nyimbo ninazozijua maneno, nyingine sina haja nazo". Nilidhani ananikejeli.

Nangurukuru

Kondakta hapa, njia ya Mtwara na Dar, kilomita zaidi ya mia tano na hamsini, kwa hiyo naweza kusema mimi ndiye mwenye sikio lililochoka kuliko yote kwenye huu uzi.

Basi lina taratibu zake. Kutoka stendi unaweka kitu cha kumwomba Mungu, na unachanganya, usije ukaanza na upande mmoja tu ukaitwa jina. Baada ya Lindi unaweka bongo fleva za zamani, zile ambazo wenye miaka arobaini wanatikisa mguu kwa siri. Taarabu usiku hapana. Siyo kwamba mbaya, ila akina mama wanaamka wanaanza kutajana. Na kuna siku abiria wawili walishushiana maneno kuanzia Somanga mpaka Kibiti kwa sababu ya mafumbo ya wimbo mmoja, kila mmoja anadai amewekewa yeye. Mimi niliyeweka hata siwafahamu.

Wa kwangu ni "Pii Pii" ya Marlaw, na nauweka safari ya kurudi tukishavuka Mingoyo. Hapo nyumbani ni karibu. Dereva wangu hana haja ya kuambiwa.

Lakini kisa ninachotaka kusema ni cha "Maria Salome" ya Saida Karoli. Wimbo ni wa Kihaya. Basi zima, Wamakonde, Wamwera, Wayao, Wamakua, wanauimba neno kwa neno, hakuna anayejua anasema nini. Safari moja walikuwa wanauimba hivyo hivyo, kelele tupu, na kiti cha tano dirishani kuna kijana mwalimu, kapangiwa kazi Liwale, mara yake ya kwanza kuja Kusini. Sanduku jipya, shati limenyooshwa. Yeye alikuwa Mhaya. Ndiye mtu pekee mle ndani aliyeelewa maneno, na ndiye mtu pekee ambaye hakuimba. Alikuwa anaangalia nje tu. Nilimrudishia chenji yake yote bila kumzungusha, na wanaonijua wanajua hiyo ni heshima kubwa.

Mzee wa Pantoni

Kijana umeandika kitu hapo.

Mtu wa Ligula

Nimesoma uzi wote, mzuri, ila tuseme ukweli. Nyimbo zinazokumbukwa hapa nyingi ni za zamani. Za sasa zinaimbwa miezi miwili zinakufa. Hakuna mashairi, ni kelele na matusi. Wajukuu zetu watakumbuka nini?

Fundi Flashi

Mkuu nakuheshimu ila hapo sikubaliani. Mimi nakaa dukani, nawaona. Maneno hayo hayo yalisemwa kuhusu Mr Nice, kwamba ni upuuzi wa watoto. Leo wanakuja watu wazima na vitambi vyao, mmoja ana gari la serikali, ananiinamia dirishani: "Fundi, unayo ile 'Fagilia'?" huku anaangalia nyuma. Ule wimbo ulimkuta sekondari, bweni lao, na msichana ambaye hakumwoa. Ubora wa mashairi hauna nafasi kwenye hiyo kesi. Hizi singeli unazozichukia, kuna mtoto hapa Masasi kabebwa nazo begani Disemba iliyopita, na baba yake akiwa bado hai akimshika mguu asianguke. Umri wako akifika, muulize.

Mtu wa Ligula

Sawa. Singeli bado ni kelele.

Fundi Flashi

Hapo hatubishani.

Mpita Njia 07

Naomba kuuliza kidogo. Hizi nyimbo unazowajazia watu kwa hela, COSOTA, wale wa hakimiliki, wanajua?

Fundi Flashi

Mkuu mtandao wa huku unasumbua, sikusomi vizuri.

Ming'oko

Hahahaha. Fundi usikwepe, ulituahidi wa kwako.

Fundi Flashi

Haya. Nilichelewa kwa sababu wa kwangu sinao.

Nimelelewa na bibi, Kitangari, juu kule Newala ambako maji tulikuwa tunayafuata mbali. Bibi alikuwa anatwanga makopa (mihogo mikavu) jioni, wanawake wawili au watatu kinu kimoja, michi inapishana. Na alikuwa na wimbo. Kimakonde cha zamani, maneno mengine hata mama alikuwa haelewi. Mimi ninaukumbuka nusu tu, na katikati yake pana tundu. Kila mstari wa tatu sauti inakatika, kuna neno pale limenitoka. Nimejaribu miaka. Nilikuwa nimejiaminisha kwamba lile neno ni jina la babu, maana babu alikwenda Dar kuuza mitumba akawa Mmachinga wa kweli kweli, hakurudi, na bibi hakuwahi kumtaja mbele yetu.

Kompyuta yangu ina nyimbo zaidi ya elfu ishirini. Huo haumo. Hakuna redio iliyowahi kuupiga, hakuna aliyekwenda na mashine Kitangari kumrekodi bibi yangu akitwanga. Bibi alifariki nikiwa kidato cha pili.

Dada wa Mingoyo

Kaka, waliokuwa wanatwanga naye wameisha wote?

Fundi Flashi

Amebaki shangazi mmoja. Ana miaka sabini na kitu.

Dada wa Mingoyo

Sasa unakaa kwenye uzi unafanya nini? Nenda kabla masika hayajaharibu barabara. Na usiende mikono mitupu.

Salfa

Dada kamaliza. Fundi ukipita Tandahimba sema, kuna korosho za kubangua nyumbani.

Fundi Flashi

Mrejesho, wakuu. Samahani kwa kimya cha wiki mbili.

Nilikwenda Jumamosi na sukari, sabuni na simu yenye chaji. Shangazi alifurahi. Nikamweleza, nikawasha kurekodi, nikaishika simu mbele yake kama mwandishi wa habari. Akaanza, mstari mmoja, akanyamaza. Akaanza tena, akanyamaza. Akaniambia, "Huu hauimbwi mikono mitupu." Nikadhani anataka hela, nikaingiza mkono mfukoni, akanipiga kibao cha mgongo. "Lete kinu!"

Kinu kilikuwa kwa jirani, kinatumika kama kiti cha kuku wanaotaga. Tukakiosha. Makopa hapakuwa nayo, watu siku hizi wanapeleka mashineni, ikabidi nimtume kijana na bodaboda mpaka sokoni. Wakaitwa wamama wawili wa kupokezana naye. Mara ya kwanza niliiweka simu chini karibu na kinu, nikapata dakika nne za ngurumo tupu, kama mtu anabomoa nyumba. Mara ya pili nikaitundika kwenye tawi la mkorosho. Hapo ikashika. Jogoo yumo, mtoto wa jirani yumo anaomba ndizi, lakini wimbo umo.

Na lile tundu nimelijua. Halina neno. Mchi wa shangazi ulikuwa unatua pale pale, kila mstari wa tatu, na wote watatu wanavuta pumzi. Nikamuuliza, hapa hapana jina la mtu? Akaniangalia kama nimechanganyikiwa. "Jina la nini? Hapa unapumua, la sivyo utaanguka."

Nimeuweka kwenye kompyuta. Sikujua niupe folda gani, umekaa peke yake kwenye uso wa mbele. Jana nilikuwa naupiga taratibu kwenye spika za nje, kijana wa boda akasimama, akazima pikipiki, akasikiliza. Akasema, "Fundi, hiyo singeli ya nani? Mbona mimi hujaniwekea?"

Nimemuwekea.

Mtu wa Ligula

Nimekaa hapa na simu, sijui niseme nini. Shangazi yako apewe maua yake.

Dada wa Mingoyo

Alhamdulillah. Na makopa mlikula?

Fundi Flashi

Tulikula ugali wake na kisamvu, usiku, watu tisa. Shangazi akanipa na unga wa kurudi nao.

Mwanafunzi wa Chuno

Wakuu nimechelewa, ndiyo naingia. Fundi, flashi ya GB 8 unajaza bei gani? Kuna jamaa yangu anataka.

Fundi Flashi

Elfu mbili. Mwambie jamaa yako pole.